Kiti Kile Kile, Njia Ile Ile: Mazoea Yanatupumbaza Sisi Waandishi wa Programu

Leo nina neno na nyinyi wenzangu mnaoandika programu za kompyuta. Na wewe usiyeandika programu lakini unaamshwa kila siku na mlio ule ule wa simu, usiondoke, linakuhusu pia.

Nimechoka na hii dini mpya ya ratiba. Kila nikifungua simu nakutana na kijana wa rika langu, shati limenyooshwa vizuri, ananieleza kwamba siri ya kufanikiwa ni kuamka saa kumi alfajiri, kunywa glasi mbili za maji, kuandika msimbo saa nne mfululizo bila kuinua kichwa, halafu kurudia hivyo hivyo kesho, keshokutwa na mtondo, mpaka mwenye pesa akuone. Anaiita nidhamu. Mimi niliifuata dini hiyo miaka minne, tena nilikuwa muumini safi. Matunda yake nilikuja kuyaona kwa macho yangu mawili chini ya mgunga mmoja kule Mashuuru, nimeshika kamba ya beberu, nimekaa juani saa sita kwa kosa nililoliandika mwenyewe kwa vidole vyangu.

Ngoja nianze mwanzo, na nianze na mimi mwenyewe ili mtu asije akasema nawasengenya watu.

Mimi ni mzaliwa wa Mashuuru, kaunti ya Kajiado. Nikaenda chuo kikuu, nikapata shahada ya sayansi ya kompyuta, nikapata kazi Nairobi, nikapanga chumba Kitengela kama wanavyofanya wengi ambao kodi ya Nairobi imewashinda. Kuanzia siku hiyo maisha yangu yakawa kama kitanzi cha programu kisicho na sharti la kutokea. Saa kumi na moja na nusu niko steji. Kiti cha dirishani, nyuma ya dereva. Masikio nimeyaziba kwa muziki. Athi River, Mlolongo, Mombasa Road, na tangu 2022 kuna ile barabara ya kulipia inapita juu ya vichwa vyetu, sisi tuko chini tunahesabu nguzo. Ofisini kiti kile kile. Mchana chapati na madondo kwa mama yule yule, na sikuwahi kumwuliza jina. Jioni narudi, napika, nalala. Wikendi nafua. Mara moja kwa mwezi naenda Mashuuru kumsalimia yeyo, naye ananikuta nimejilaza na simu mkononi mpaka Jumapili jioni.

Kazini pia ilikuwa hivyo hivyo. Fomu inaingiza taarifa kwenye hifadhidata, ukurasa unazitoa, ripoti inachapishwa. Fomu nyingine, hifadhidata nyingine. Nilikuwa mwepesi sana, hilo sikatai. Bosi alinipenda kwa sababu nikisema Ijumaa ni Ijumaa. Wasifu wangu ulisema nina uzoefu wa miaka minne. Lakini nikikaa na kuhesabu kwa haki mambo mapya niliyoyajua katika miaka hiyo, yanaingia katika miezi minane au tisa ya mwanzo. Iliyobaki nilikuwa nauza vidole tu. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Wahenga hawakuwahi kukaa mbele ya kioo cha kompyuta miaka minne, wangeona kwamba inawezekana kabisa kuishi kwingi na usione kitu.

Sasa ikaja kazi moja. Sitataja kampuni wala waliotupa kazi hiyo, kwa sababu kosa ni langu. Ilikuwa mfumo wa kuwatumia wafugaji ujumbe mfupi kwenye simu: chanjo itakuwa wapi, siku gani, saa ngapi. Afisa anajaza tarehe na saa, mfumo unatengeneza sentensi, ujumbe unaondoka. Kazi ya wiki mbili. Niliimaliza kwa siku nane. Kwa Kiingereza ujumbe ulikuwa na saa pamoja na zile herufi mbili za kuonyesha kama ni kabla au baada ya adhuhuri. Nilipotengeneza toleo la Kiswahili nikaona zile herufi zinakaa vibaya, si Kiswahili, nikazitoa. Ripoti za mfumo zilikuwa zinapendeza kweli kweli. Kila ujumbe umefika, umefika, umefika. Rangi ya kijani kuanzia juu mpaka chini.

Miezi mitatu baadaye yeyo akanipigia. Kijana wa kuchunga ameugua, na Jumamosi kuna chanjo ya sotoka ya mbuzi. "Wewe si utakuja? Badala ya kulala na hiyo simu yako, utapeleka mbuzi." Nikasema sawa. Nilipofika akanionyesha ujumbe kwenye simu yake: chanjo, Jumamosi, karibu na silanga, saa 2:00. Nilijisikia fahari. Nikamwambia, "Yeyo, huu ujumbe nimeutengeneza mimi." Akanitazama, akasema, "Basi amka mapema usichelewe ujumbe wako mwenyewe."

Nikaamka mapema. Saa mbili asubuhi niko kwenye silanga na mbuzi thelathini na kitu. Maji yalikuwa yamebaki kidogo katikati. Tulikuwa watu sita au saba. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne, hakuna. Mbuzi wakaanza kutawanyika, nami nimesahau kuchunga tangu darasa la saba, nikawa nakimbia huku na huko kama mwendawazimu. Kulikuwa na mzee mmoja ametulia kivulini na fimbo yake. Nikamsogelea nikamwuliza, "Mzee, hawa watu wa chanjo wamekwama njiani?"

Akasema, "Hawajakwama. Watakuja saa nane."

"Ujumbe unasema saa mbili."

"Kijana wangu, hao watu wa simu hawajui saa. Mwezi ule walituita saa mbili wakaja saa nane. Na mwezi mwingine vile vile. Ndiyo maana unaona tuko wachache. Wenye akili hawaji tena."

"Mbona hamkuwaambia?"

"Tumwambie nani? Nilijibu ile namba. Haipokei."

Msomaji umeshaelewa, najua. Afisa alijaza saa kumi na nne za mchana, mfumo wangu ukaziandika 2:00, na mimi nikatoa zile herufi mbili za Kiingereza. Sasa mwambie mtu yeyote anayesema Kiswahili, kuanzia Mashuuru mpaka Zanzibar, kwamba kuna chanjo ya mbuzi saa 2:00. Atafika lini? Atafika jua likiwa limepanda kidogo, saa mbili baada ya asubuhi kuanza, kama ambavyo babu zake wamehesabu saa tangu saa zilipoletwa. Maafisa walifika saa nane mchana barabara, hawakuchelewa hata dakika tano. Wakachanja mbuzi wetu na wa wale wachache waliokuwa wamengoja. Halafu nikaona kitu ambacho mpaka leo kikinijia usiku nageuka upande wa pili. Chanjo ile ikishachanganywa na maji yake haingoji, ni lazima itumike upesi, haiwezi kurudishwa kwenye barafu ikatumika kesho. Walikuwa wamefungua chupa kwa matumaini ya watu kuja. Watu walikuwa wameshakwenda zao, au hawakuja kabisa. Kilichobaki kikamwagwa.

Na hii ni nchi ambayo wafugaji wake walikuwa wametoka tu kwenye ukame wa 2020 mpaka 2023, misimu mitano ya mvua ikifuatana bila mvua ya maana. Kajiado ng'ombe walikufa mpaka watu wakaacha kuhesabu. Mbuzi aliyebaki ndiye karo ya mtoto. Na mimi nimekaa Nairobi natazama rangi ya kijani.

Sasa niambieni. Je, mimi sikujua kwamba saa mbili ya Kiswahili ni saa mbili asubuhi? Nilijua! Mtoto yeyote wa Kenya anajua. Nyumbani nasema saa mbili, ofisini naandika nane kamili kwa tarakimu za Kizungu, na sijawahi kuchanganya hata siku moja maishani mwangu. Tatizo ni kwamba yule kijana wa Mashuuru aliyekuwa akisema saa mbili hakuwa amewahi kuingia ofisini pamoja nami. Alikuwa anashuka steji ya Kitengela. Miaka minne nilikuwa nimemzoesha kushuka pale.

Marekebisho yenyewe yalichukua dakika kumi. Unachukua saa ya mfumo, unaongeza sita, unagawanya kwa kumi na mbili, unashika baki. Baki ikiwa sifuri unaandika kumi na mbili. Kumi na nne ukiongeza sita ni ishirini, baki nane, saa nane. Kisha unaweka neno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Basi. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza. Sikushindwa na hesabu.

Kuna jaribio moja la zamani linaloeleza ugonjwa huu vizuri kuliko ninavyoweza mimi, nalo, kwa bahati, ni la mitungi ya maji, kitu ambacho watu wa kwetu wanakielewa bila kufundishwa. Mwanasaikolojia Abraham Luchins alilichapisha mwaka 1942. Una mitungi mitatu: wa kwanza unaingia vipimo 21, wa pili 127, wa tatu 3. Pima 100. Unajaza ule mkubwa, unamwagia wa kwanza, halafu unamwagia ule mdogo mara mbili, unabaki na 100. Sawa. Akawapa watu maswali kadhaa ya namna hiyo, yote jibu lake ni njia ile ile. Kisha akawapa hili: mitungi ya 23, 49 na 3, pima 20. Jaribu mwenyewe kabla hujaendelea. Wengi wa waliozoea walijaza mkubwa, wakatoa wa kwanza, wakatoa mdogo mara mbili, na ni kweli inatoka 20. Waliokuja bila mazoea walifanya nini? Wakajaza wa 23, wakatoa 3. Kwisha. Halafu akawapa lingine: 28, 76 na 3, pima 25. Hapa njia ndefu haifiki popote, inatoa 42. Na wengi wa wale waliozoea walikwama kabisa, wakashindwa kuona kwamba 28 ukitoa 3 ni 25. Watu wazima, wenye akili zao timamu, wakashindwa kutoa tatu katika ishirini na nane.

Mimi nilipoisoma hiyo nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Najua kuna mtu hapo anasema, lakini sisi waandishi wa programu tunajifunza vitu vipya kila wiki! Ndiyo, naomba tulizungumze hili maana hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Kila wiki kuna fremuwaki mpya ya JavaScript. Unaipakua, unafuata mafunzo, unatengeneza ile orodha ya kazi za kufanya ambayo kila mtu duniani ameshaitengeneza, unaandika kwenye wasifu wako. Umefanya hivyo ukiwa kwenye kiti gani? Kile kile. Umezungumza na nani mpya? Hakuna. Tatizo ulilotatua ni la nani? La mwandishi wa mafunzo. Hunt na Thomas walishauri katika kitabu chao cha 1999 kwamba mwandishi wa programu ajifunze lugha mpya walau moja kila mwaka, na ni ushauri mzuri, nimeufuata. Lakini lugha tano za kompyuta zisingeniokoa na saa mbili. Ningeandika kosa lile lile kwa lugha tano.

Ukitaka mfano wa kinyume chake usiende mbali, uko mfukoni mwako. Mwaka 2005 M-Pesa ilipokuwa inajaribiwa, kusudi lake lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Hicho tu. Lakini waliokuwa wakiliendesha lile jaribio walitazama wateja wanafanya nini hasa, wakaona watu wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe kwa mambo yasiyohusu mkopo wowote. Wangeweza kusema hao wateja wanakosea kutumia mfumo, tuwaandikie mwongozo. (Mimi wa miaka ile minne ningesema hivyo, na ningeuandika huo mwongozo kwa siku nane.) Wao wakaugeuza mfumo. Machi 2007 ilipozinduliwa kwa umma ilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani, na mengine mnayajua, maana hata mbuzi Mashuuru ananunuliwa kwayo.

Na hili la London nalipenda sana kwa sababu ni la usafiri, na sisi wa Kitengela tunaongea usafiri kama wengine wanavyoongea dini. Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi kule London waligoma kwa siku mbili. Stesheni nyingi zikafungwa lakini si zote, kwa hiyo watu wakalazimika kutafuta njia nyingine. Wataalamu wa uchumi wakachukua taarifa za kadi za nauli wakafuatilia. Mgomo ulipokwisha, kama mtu mmoja kati ya ishirini hakurudi kwenye njia yake ya zamani. Fikiria! Watu hawa walikuwa wakisafiri njia hiyo kila siku, wana ramani, wana simu, wana kila sababu ya kutafuta njia bora, na njia bora ilikuwepo wakati wote. Hawakuiona mpaka mtu mwingine alipowafungia mlango.

Mimi sitaki kungoja mgomo.

Sasa tuje kwenye pingamizi, maana rafiki yangu mmoja tunayesafiri naye amenipinga kila asubuhi kwa mwezi mzima na si haki nimfiche. Anasema: wewe huna mke, huna mtoto, huna mkopo wa plot. Mimi nikishuka matatu kabla ya steji yangu nichunguze maisha, mtoto anachelewa shule. Ratiba ndiyo inayonibeba. Na mambo ya kubadilisha hewa ni ya watalii.

Nusu ya maneno yake ni kweli kabisa na nayakubali bila kinyongo. Ratiba inabeba watu. Hata kazini, mimi siachi ratiba ya nakala za akiba, siachi majaribio kabla ya kupeleka programu kwenye seva, na Ijumaa jioni sipeleki kitu, hata uniletee malaika aniombe. Mambo hayo yawe yale yale milele, amina. Mwalimu akibadilisha alfabeti kila asubuhi hatuendi popote. Lakini rafiki yangu anachukua heshima ya ratiba ya seva anaivisha uvivu wa macho. Hakuna mkopo wa plot unaokataza mtu kuondoa muziki masikioni kwa dakika kumi. Kumwuliza mama wa madondo jina lake hakulipiwi nauli. Na kuhusu watalii, mtalii ndiye anayelipa pesa nyingi aje Kajiado aone vitu ambavyo mimi niliyezaliwa hapo nilikuwa navipita nimeinamia simu, sasa nani mjinga kati yetu?

Tena niseme wazi: sisemi mtu aache kazi akazunguke dunia. Hao wa kuacha kazi nao wana dini yao, siku nyingine nitawafikia. Mimi nasema kitu kimoja kidogo kwa siku, kiwe kipya, na kiwe nje ya kioo. Huo ndio upande wangu wote.

Tangu ile Jumamosi nimekuwa nikifanya hivyo na naandika kwenye daftari la karatasi, mstari mmoja kila siku. Mengi ni upuuzi mtupu. Kuna siku niliamua kupita njia ya ndani Kitengela baada ya mvua, na mnaokaa Kitengela mnaujua ule udongo mweusi. Kiatu kimoja kilibaki kule, nikaingia ofisini na ndala za kuazima kwa mlinzi. Nikaandika: leo nimejifunza kwamba njia ya ndani haipitiki. Kuna siku nilishuka Mlolongo nikachelewa mkutano, nikafokewa mbele za watu. Sitawadanganya kwamba kila mstari ni lulu.

Lakini kuna mingine. Nilikwenda mnada wa mifugo Bissil bila kuwa na cha kuuza wala pesa ya kununua, nikakaa tu. Nikaona kwamba mtu akiwa katikati ya mapatano hatoi simu yake hadharani hata ikilia, kwa sababu bei haisemwi ovyo mbele ya jirani. Mimi nilikuwa nimepanga mfumo wetu utume bei za soko saa tano asubuhi, katikati kabisa ya mnada, saa ambayo hakuna hata mmoja angeusoma. Tukahamisha ikawa jioni ya kuamkia siku ya mnada. Mama mmoja wa maziwa pale Kitengela hajui kusoma, lakini ana wateja wengi kwenye simu na anawajua kwa tarakimu mbili za mwisho za namba zao. Nilipomwona nikarudi nikaondoa nyota nilizokuwa nimezitumia kuficha zile tarakimu kwenye ripoti, nikaficha za katikati. Mambo madogo mno. Hakuna aliyenipa tuzo. Ila bosi siku moja aliniuliza, haya mawazo unayatoa wapi siku hizi? Na mwezi uliofuata akaanza kunipeleka kwenye mikutano na wateja badala ya kunirushia fomu.

Na hapa nawarudia wenzangu kwa ukali kidogo, maana sasa ni habari ya mkate. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, ile kazi ya fomu na hifadhidata na ripoti, ile niliyoifanya miaka minne kwa fahari, mashine inaiandika wakati wewe unapuliza chai. Kama thamani yako yote ni wepesi wa kurudia ulichofanya jana, umepata mshindani asiyelala, asiyepanda matatu, na asiyeomba nyongeza. Nilimjaribu mmoja wa wasaidizi hawa wa akili mnemba. Nikampa kazi ile ile ya ujumbe wa chanjo, kwa maneno yale yale niliyopewa mimi. Akaandika haraka, msimbo safi kuliko wangu, na kwenye Kiswahili akaweka saa 2:00. Nilipomwambia kwamba amekosea alirekebisha mara moja, tena kwa adabu. Lakini ilibidi awepo mtu wa kumwambia. Huyo mtu atalipwa. Na hakuwa mimi kabla ya kukaa juani na wale mbuzi.

Grace Hopper, yule mama wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kutengeneza programu za kutafsiri msimbo, ofisini kwake alikuwa na saa ya ukutani inayozunguka kinyume. Inasema saa sahihi, ila mishale inakwenda upande wa pili. Alitaka wageni wake wajue kwamba hakuna sababu ya mishale kwenda upande tuliouzoea isipokuwa tumeuzoea. Nilipoisoma habari hiyo nilijisemea, huyu mama angefika Mashuuru wangeelewana na yule mzee bila mkalimani.

Mzee mwenyewe nilirudi kwake. Mara ya kwanza sikumwambia kitu, niliona aibu, nilikwenda na mbuzi wangu kimya kimya. Mara ya pili, ujumbe ulikuwa umeandikwa saa nane mchana, watu walikuwa wengi mpaka mbuzi wakachanganyika tukawa tunavutana masikio ya wanyama. Nikamfuata nikamwambia, "Mzee, yule mtu wa simu asiyejua saa ni mimi."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza, "Na ile namba, inapokea sasa?"

Haikuwa inapokea. Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Sasa inapokea, na majibu ya wafugaji nayasoma mimi mwenyewe kila jioni, mengine ni ya chanjo, mengine ni salamu, na mmoja aliuliza kama tunaweza kumtafutia mke.

Rafiki yangu wa matatu bado hajakubali. Juzi hata hivyo nilimwona ametoa vitu masikioni anamsikiliza kondakta, nilipomtazama akavirudisha haraka. Kesho mimi napandia steji ya upande wa pili na nitakaa nyuma kabisa, pale wanapokaa wenye magunia. Kile kiti cha dirishani nyuma ya dereva kiko wazi, anayekitaka akichukue.